Kaburi la Mgomba

London, 12 Januari 1975

Kwako Baba,

Naomba barua hii ikukute kwenye kiti chako cha kamba hapo Manyatta, mguu umepungua uvimbe, na Mama yuko karibu akikugombeza unywe dawa. Mimi mzima, ila baridi ya hapa inaingia hadi kwenye meno. Mwambie Mama lile koti alilonishonea bado nalivaa. Makoti ya dukani yote yamefumuka, lakini mshono wake ule wa kupinda mara mbili haujaachia hata uzi.

Asubuhi nafundisha watoto kuchora. Jioni nafanya ile kazi uliyoiita mchezo. Nikueleze tena, usinicheke. Nina mashine inayoshika picha zinazotembea kwenye kanda. Picha hizo nazitoa kwenye televisheni, lakini siweki televisheni moja kama watu wa sebuleni. Napanga nyingi katika chumba chenye giza, watu wanapita katikati yake, na kila mmoja anaondoka na alichokiona. Si sinema, kwa maana haina mwanzo wala mwisho.

Mwaka ujao nimepewa ghala kuukuu kando ya mto wa hapa. Wazee wa mtaa wanasema zamani lilipokea pamba na kahawa za makoloni. Nikasema, basi zetu pia zilipita humu. Nataka kuonyesha watu waliobeba mizigo ile, walitoka wapi, nani alirudi kwao na nani hakurudi. Baba aliyenizaa, kaka yako Simiyu, hakurudi kutoka Burma, nami simjui ila kwa ile picha ya ukutani, amevaa sare, sikio la kushoto limekatika juu. Kwa hiyo naanza na ninayemjua, ambaye ni wewe. Uliacha Kimilili ukaenda kufanya kazi bandarini. Niandikie habari za gati. Filamu za serikali ya kikoloni ziko hapa kwenye mikebe ya bati, na nimepata ruhusa ya kuzitazama.

Binti yako,
Nelima


Manyatta, Kisumu, 3 Machi 1975

Kwa Nelima, mtoto wa nyumba yangu,

Barua yako nimeisoma mimi mwenyewe. Hapa Manyatta wazee wenzangu wanampa karani posho awasomee barua za watoto wao, na karani anazijua siri zao zote. Mimi hapana. Mimi herufi nilijifunza kwenye magunia. Gunia la Mwanza lilikuwa na alama yake, la Bukoba yake, la Port Bell yake, nikaziunganisha mpaka zikawa maneno. Mwandiko ukiwa mbaya, ni kwa sababu gunia ni kitu kikubwa na karatasi ni kidogo.

Sisi wazima. Mguu unauma kama kawaida yake. Mama yako yuko nje anaanika mtama, anasema ule, umekonda kwenye picha. Mvua haijashuka. Walubengo wa nyumba ya tatu amekufa, yule aliyekuwa anajidai kuwa alimjua gavana. Alimjua wapi? Alikuwa anafagia.

Sasa habari za gati. Umeuliza mtu anayefaa. Mimi nilikuwa nyapara wa gati ya Kisumu tangu vita mpaka ile miaka ya kelele za uhuru. Nilikuwa na kofia ya kaki na filimbi, na nikipiga hiyo filimbi hata meli ilikuwa inanyamaza. Wajaluo, Wabukusu, Wanyala, Wakisii, wote walikuwa chini yangu, na hakuna mtu alibeba gunia kwenye gati ile bila mimi kujua jina lake, jina la baba yake na kijiji chake. Uliza mtu yeyote. Mzungu wa bandari alikuwa anasema, Waliaula, wewe ndiye daftari langu.

Hao watu wa filamu nawakumbuka. Walikuja na mashine ya miguu mitatu, wakaniambia simama hapa pembeni na kofia yako. Nilisimama kama bendera. Kwa hiyo nitafute humo ndani ya mikebe, mimi niko. Na ukinipata uniweke kwenye televisheni ya kwanza mlangoni, watu wakiingia waone nyapara kabla ya kuona magunia.

Maneno ya Simiyu yaliisha. Chifu alikuja na kofia yake mkononi akasema huyu mtu amepotea vitani, msimngoje. Wazee wakasema asiyeonekana mwili huzikwa mgomba, la sivyo atazunguka na kusumbua watoto. Mimi mdogo wake ndiye nilichagua mgomba. Wengine hukata kishina tu kama cha kulishia ng'ombe. Mimi niling'oa mkubwa kuliko yote, na kisiki chake na mizizi yake, urefu kama Simiyu mwenyewe. Watu wa Kimilili wanautaja hadi leo. Kwa hivyo usifukue hiyo. Andika juu ya gati.

Ni mimi,
Waliaula, nyapara


London, 20 Aprili 1975

Kwako Baba,

Pole kwa mguu, na pole kwa Mzee Walubengo. Najua mlikuwa mnagombana, lakini pia najua mlikuwa mkinywa chai pamoja kila Jumapili baada ya kanisa. Mwambie Mama nakula.

Nimekupata. Kofia, filimbi, kifua mbele, vilevile ulivyosema. Ubao unatoka kwenye meli hadi gatini, na wachukuzi wanaushuka mmoja mmoja, gunia mgongoni. Filamu haina sauti. Nilicheka peke yangu katika kile chumba cha kutazamia.

Kisha nikaacha kucheka. Mchukuzi wa nne anafika karibu na mashine na anainua macho. Anaitazama kama mtu anayeitazama nyoka njiani, haogopi, anataka tu kujua itafanya nini. Halafu anageuza kichwa akutazame wewe. Alipogeuka niliona sikio la kushoto. Limekatika juu, Baba, pale ulipotusimulia mbwa wa jirani alipomuuma mlipokuwa wadogo. Anaendelea na gunia lake kuelekea mlango wa ghala, na kabla hajaufikia filamu inakatika.

Nimerudisha nikatazama tena mpaka mwenye chumba akaniomba niende nyumbani. Mkebe umeandikwa Kisumu, 1949. Mgomba mliuzika mwaka wa 1946. Nilikuwa na miaka mitano, nakumbuka kwa sababu mliufunika kwa blanketi langu nami nikalia usiku kucha kwa baridi, na watu wakasema, tazama mtoto anavyomlilia baba yake.

Nimekuwekea picha moja niliyotoa kwenye filamu. Niambie huyu ni nani.

Nelima


Manyatta, 28 Julai 1975

Kwa Nelima,

Nimechelewa kwa sababu ya kazi nyingi. Paa lilivuja, nikalipanda mimi mwenyewe na mguu huu, vijana wakasimama chini wakinishangaa. Sukari imepotea madukani, watu wanapanga foleni na kikombe. Mvua ilipokuja ilikuja yote kwa siku moja ikaondoka na kuku wa mama yako wawili. Mama yako mzima. Kikohozi kidogo tu.

Hiyo picha ililowa kwa mvua. Haionekani kitu. Tena huyo mtu si Simiyu. Watu wenye sikio bovu ni wengi katika dunia hii, mbwa si yule mmoja tu. Na huyo aliyesimama pembeni si mimi, kofia yangu haikuwa na bonde katikati namna hiyo, yangu ilikuwa imesimama. Hao Wazungu wenyewe waliandika miaka ovyo ovyo. Kwenye kipande changu, kile cheti cha shingoni, waliandika nimezaliwa mwaka ambao mama yangu alikuwa bado hajaolewa. Wewe unaamini mkebe kuliko baba yako?

Mimi nilikwenda nyumbani Kimilili mwezi wa nne, kama kila mwaka, kusafisha kaburi. Kaburi liko vizuri. Majani tu.

Kazi ya kuamsha wafu si kazi ya kusomea. Mtu akiisha zikwa anaachwa apumzike, hata watoto wanajua. Wewe umekaa sana huko umesahau. Onyesha watu meli. Meli zilikuwa nzuri.

Waliaula


London, 15 Agosti 1975

Kwako Baba Mdogo,

Picha iliyolowa hata usione kitu, umeonaje bonde kwenye kofia?

Uliniandikia kwa mkono wako kwamba hakuna mtu alibeba gunia kwenye gati ile bila wewe kumjua jina, na jina la baba yake. Baba yake huyu ni baba yako.

Sitaki ugomvi, na pole kwa paa. Nataka kujua mambo mawili tu. Je, yu hai? Kama yu hai, yuko wapi?

Jentrix, yule binti wa muuguzi hapo Manyatta, amemaliza masomo yake ya uuguzi huku na anarudi mwezi wa kumi. Nimempa nakala ya picha ampelekee Mama mkononi. Mama hasomi barua, lakini uso anausoma. Ni afadhali usikie kwanza kutoka kwangu, ndiyo maana nakuandikia. Una muda wa kumwambia mwenyewe.

Nelima


Manyatta, 2 Oktoba 1975

Nelima,

Sasa mimi ni Baba Mdogo. Sawa. Aliyekulipia shule na kukupeleka kituo cha treni na sanduku lako kichwani alikuwa Baba mzima, lakini sawa.

Jentrix hajafika. Nakaa njiani kila siku namngoja. Watu wanafikiri nimeanza kupungukiwa.

Nitakuambia, si kwa sababu nimeshindwa, ni kwa sababu ukiachwa utajitungia maneno yako mwenyewe na kuyaweka kwenye televisheni.

Simiyu alikuja mwaka wa arobaini na nane, wakati wa mvua ndefu. Alikuwa amelala hospitali huko India, homa ya kichwa, hajui jina lake. Wakati serikali inamwambia chifu kwamba amepotea, yeye yuko kitandani kwao, wanamlisha uji. Alipopona wakampa koti na tikiti. Alishuka Kisumu akasema kwanza nimuone mdogo wangu, kesho nipande Kimilili. Mungu alimpitisha kwangu kwanza. Fikiria angepitia nyumbani moja kwa moja, na mama yetu mzee bado yu hai, na watoto uani. Unajua kinachofuata aliyeliliwa akiingia kwa lango. Mtu anakufa kwa niaba yake.

Nilimuona anakuja kati ya magunia. Nikasema, Simiyu, simama hapo, usinipe mkono.

Akasema, "Kwani nanuka?"

Nikasema, "Umeshaliliwa, ndugu yangu. Umezikwa."

Akacheka. Akasema, "Mlizika nini?"

"Mgomba."

"Mkubwa?"

"Kama wewe."

"Afadhali," akasema. "Nilifikiri mmenipunja."

Akakaa kwenye kile chuma cha kufungia kamba za meli. Akauliza habari za mama, nikamwambia. Akauliza habari za ng'ombe, nikamwambia. Halafu akatazama shingo yangu. Nilikuwa nimevaa shati jipya. Mama yako ana mshono wake, umesema mwenyewe kwenye barua. Simiyu alitazama kola ile muda mrefu sana, mpaka meli ikapiga honi. Hakulitaja jina la mama yako, Maximilla. Mimi sikulitaja.

Mjane hurithiwa na shemeji. Sikuiba. Wazee waliketi, wakasema Waliaula chukua nyumba hii, mimi nikachukua, na wewe ndani yake. Nani angewalisha?

Akasema, "Basi nipe kazi, maiti nayo hula." Nikamwandikisha kwa jina la Oduor, mtu aliyekuwa ameacha kazi. Mimi peke yangu ningeweza kufanya hivyo, hakuna nyapara mwingine angethubutu. Alikaa kwangu miaka minne. Siku moja akamwona mke wa mtu wa Kimilili sokoni anamtazama sana, akafunga mzigo wake akahama.

Yuko wapi sikuambii. Alinikataza, nami mtu akinipa neno nalishika.

Hata ule mgomba haukutulia. Kwa sababu niliuzika na kisiki, uliota. Mwaka uleule wa kwanza. Mama yako aliona chipukizi juu ya kaburi akaja mbio, akasema huyu mtu hajafa. Nikamwambia wewe mwanamke, mgomba ni mgomba. Nikakata. Tangu hapo kila mwezi wa nne nakwenda nakata, na kila mwaka unaota. Sasa umejua ninasafisha nini.

Usimpe mama yako hiyo picha. Yeye ana amani.

Waliaula


London, 9 Februari 1976

Kwako Baba Mdogo,

Sijui nikusalimu vipi. Jentrix ameniandikia kuwa umekonda na kwamba unapika mwenyewe. Pole.

Anasema ulimngoja barabarani wiki nzima, na siku aliyofika ulikuwa umekwenda kutibiwa mguu. Mama aliipokea picha akaipeleka mlangoni penye mwanga. Akaitazama. Kisha akauliza kitu kimoja tu, huyu mwenye kofia ni nani. Jentrix akasema ni Mzee, yaani wewe. Mama akaiweka picha ndani ya kanga, akaendelea kuchambua mboga hadi zikaisha. Alfajiri hakuwepo. Jentrix alimfuata, na sasa najua yuko Port Victoria, kando ya ziwa, na najua kwamba baba yangu yu hai, anakohoa damu, anaishi kwa kushona nyavu za wavuvi. Mke na mume wanaketi chumba kimoja baada ya miaka thelathini na tatu, wote wawili wanashona. Nimelisoma neno hilo nikashindwa kumaliza barua.

Mama alimwomba Jentrix aniandikie neno moja, akasema nikuulize wewe. Anasema njia ilikuwepo. Aliyeliliwa haingii kwa lango, lakini hutobolewa ukuta wa nyuma ya nyumba, akaingia humo kama mtoto anayezaliwa, akanyolewa, akapewa jina jipya, akakaa na watu wake. Anasema wazee wote waliijua, hata wewe uliijua. Kwa nini hakuna aliyetoboa ukuta?

Maonyesho yamefunguliwa Ijumaa. Nimeweka televisheni sita juu ya magunia. Katika zote sita ni yeye. Anashuka ubao, anainua macho, anakutazama, anaelekea mlangoni, kanda inajirudia, anashuka tena. Ghala ni baridi. Mzee mmoja Mwingereza, aliyekuwa mpakuaji hapa, alisimama mbele yake akavua kofia. Aliniuliza, "Na huyu, alikuwa nani?" Nimezoea kujibu maswali ya watu, siku ile nilitazama sakafu. Sauti yake siijui. Sijui kama alijua kuwa nipo.

Wewe hauko kwenye televisheni ya mlangoni. Uko katika zote, pembeni.

Nitakuja mwezi wa nane shule zikifungwa. Mwambie baba yangu anisubiri.

Nelima


Manyatta, 17 Mei 1976

Nelima,

Hakukusubiri. Simiyu amekwenda siku ya Jumanne, wiki iliyopita, mchana, jua likiwa kali. Keti chini usome.

Barua yako ilifika mwezi wa tatu. Niliisoma nikaiweka. Nikaisoma tena. Umeuliza kwa nini hakuna aliyetoboa ukuta. Sikujibu hilo na sitajibu. Nilichukua jembe nikapanda basi la Kimilili, na mguu huu. Nyumba ya mama yako imekaa tupu, udongo wake wa zamani, mgumu kama saruji. Vijana wa pale wakasema mzee tukusaidie, nikawafukuza. Nilitoboa mwenyewe. Tundu la mtu kupita akiinama. Hakuna mzee wa umri wangu pale angeweza, lakini hakuna aliyekuja kutazama.

Kutoka hapo nikaenda Port Victoria. Mama yako alikuwa mlangoni na bakuli. Alinipisha tu, kama unavyompisha mgeni. Siku alipoondoka hapa Manyatta aliniuliza neno moja, wapi, nami nilimwambia. Tangu siku hiyo hajanisemesha.

Simiyu alikuwa amelala kwenye mkeka, ameisha, macho tu. Nikamwambia, "Ndugu yangu, inuka. Nimetoboa ukuta. Gari liko stendi."

Akauliza, "Wa nyuma?"

Nikasema, "Wa nyuma."

"Umetoboa wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Tundu litakuwa limepinda," akasema, "wewe hujawahi kutoboa kitu sawasawa." Akacheka, kikohozi kikamshika, mama yako akamfuta mdomo. Alipopata pumzi akasema, "Waliaula, nimezeeka mno kuzaliwa."

Nilikaa pale mpaka akaisha. Wanyala wa pale ni watu, walileta mbao. Nikasema nitampeleka nyumbani, nina nguvu hiyo, nitapata gari. Mama yako ndipo akasema, wala hakunitazama. Akasema, kwao kaburi lake limejaa. Basi. Tukamzika pale, juu kidogo ya maji, kwa jina la Oduor, kwa maana ndilo watu wa pale walilijua. Mhubiri alisema Oduor ametutoka. Nilitaka kusimama nimsahihishe. Nilikaa.

Mama yako amebaki huko. Amenyoa nywele. Amekuwa mjane mara mbili wa mtu mmoja, sijui kama wazee wana neno la hali hiyo. Nyavu alizoacha nusu anazimalizia yeye. Ukija mwezi wa nane mkute huko, hapa hakuna mtu.

Nilipita Kimilili nikirudi. Upepo unaingia kwa lile tundu unapiga mlango wa mbele, usiku kucha. Sikuliziba. Na mwezi wa nne umepita, sikukata. Chipukizi limefika magotini.

Sasa hiyo kazi yako. Jentrix amenieleza vizuri jinsi inavyozunguka. Anashuka, anatazama, anakwenda, anashuka tena, mchana kutwa, na Wazungu wanavua kofia. Nelima, gunia lile lilikuwa la chumvi. Chumvi ni nzito kuliko kahawa, na inakula mgongo ukitoka jasho. Wewe unambebesha mtu huyo tangu Februari, kwenye televisheni sita, na hapumziki.

Hao wenye mashine waliishiwa na utepe, wakaanza kufungua mikebe yao. Ndiyo maana kwako inakatika. Lakini mimi nilikuwa nimesimama pale, sikukatika. Alifika mlangoni. Alilitua gunia upande wa kulia, akalikalia. Akajifuta uso kwa lile gunia tupu la kichwani. Nikamwendea na filimbi yangu nimwambie ainuke, Mzungu anatazama. Kabla sijasema akaniuliza, "Nelima anasoma?"

Nikamwambia, "Anasoma kuliko wavulana wote wa Kimilili."

Nilikuwa najisifu tu. Ulikuwa hujaanza hata shule. Mwezi uleule nikakupeleka.

Akasema, "Na yuko namna gani?"

Nikasema, "Anakutazama mtu mpaka unageuka."

Akakaa kwenye chumvi anacheka peke yake. Mzungu alikuwa anatazama. Filimbi sikuipiga.

Kwa hiyo yule mzee wako akija tena kuuliza alikuwa nani, umwambie. Mimi unaweza kunitoa kama unajua namna ya kumtoa mtu. Halafu uzime hizo mashine, hata kwa siku moja, akae.

Baba yako mdogo,
Waliaula